Siku Alizokuja Ndinda

Jumatano ile Ndinda alikuja mara ya pili, amevaa suruali ya kijivu na viatu visivyo na tope. Nilivitazama vile viatu kabla sijamtazama usoni. Kianda yetu nzima, huku Kibera, ilikuwa tope tangu Pasaka, hata mchungaji wetu alikuwa anavaa gambuti kwenda kanisani, na huyu msichana wa chuo kikuu amepita njia hiyohiyo akafika mlangoni safi, kama aliyeshushwa kwa kamba.

"Hodi wenyewe," akasema.

"Karibu," nikasema, ingawa nyumba haikuwa yangu.

Nyumba ilikuwa ya Nicanor. Yangu ni ile ya pili, tumegawana ukuta mmoja wa mabati, mpaka akikohoa mimi ndiye ninayetaka kusema pole. Lakini siku hizo mchana wote nilikuwa kwake, nimeketi karibu na dirisha na cherehani yangu ya mkono, nashona marinda ya shule huku nikitazama meza. Juu ya ile meza, mahali ambapo vijana wengine huweka redio, kulikuwa na vikopo sita vya plastiki vilivyounganishwa kwa nyaya, balbu moja ya tochi iliyokuwa ikiwaka usiku na mchana, na mita ndogo yenye sindano nyekundu.

Majirani waliita ile kitu betri ya Nicanor. Yeye aliita seli ya fueli.

"Betri ikiisha unaitupa," aliniambia siku ya kwanza. "Hii haiishi. Unaimwagia spiriti ya miwa kidogo, yenyewe inavuta hewa, inatoa stima. Haina moshi, haina kelele. Inakula na kupumua kama mtu."

Profesa wake alikuwa amemwambia hivi: kama hiyo seli yako ni ya watu wa kawaida, basi iwake kwenye nyumba ya mtu wa kawaida siku kumi na nne, sindano isishuke chini ya mbili, nami nitakuja kuona kwa macho yangu. Usiku Nicanor alijiandikia mwenyewe. Mchana akiwa chuoni, mimi ndiye niliyeandika. Kila saa moja, namba moja kwenye daftari. Nimeishia darasa la saba, lakini namba zangu zinasomeka, na kukaa mahali pamoja nikitazama kitu kimoja hakujawahi kunichosha.

Kwa nini nilikubali, kila mtu kwenye ploti alijua, isipokuwa labda Nicanor mwenyewe. Hatukuwa wachumba. Alikuwa amenishika mkono mara mbili. Na siku moja pale kwenye bomba, mbele ya foleni nzima ya wanawake, aliinama akanifunga kishikizo cha kiatu kilichokuwa kimefunguka, kwa sababu mimi nilikuwa na mtungi kichwani. Hilo tu. Lakini nilikuwa nimeliishi hilo kwa miezi minne.

"Mideva, bado unaandika?" Ndinda akaniuliza, akiketi kitandani bila kungoja kiti. "Nicanor anasema mwandiko wako unashinda wake."

"Anasema?"

"Kila siku. Mideva hivi, Mideva vile. Asante, dada, kwa kutusaidia."

Kutusaidia. Nilikata uzi kwa meno.

Nicanor akaingia na ndoo ya maji. Mimi nilimtazama nione macho yake yatakwenda wapi. Yalikwenda kwanza kwenye sindano. Kisha kwa Ndinda. Kisha kwangu. Nilikuwa wa tatu.

"Ah, umefika! Sasa?" akamwambia Ndinda, na ule uchovu wa ndoo ukamtoka usoni wote.

"Nimeleta sahani nyingine mbili za kaboni. Tuone zile za mwanzo zinaendeleaje."

Wakaanza Kiingereza. Kiingereza changu ni kile cha darasani, cha paka yuko juu ya mkeka. Nilisikia namba, nikasikia jina langu mara moja, kisha wote wawili wakacheka. Walikuwa wameinamia vikopo, vichwa vimekaribiana, mkono wa Ndinda umeshika waya na mkono wa Nicanor umeshika waya huohuo upande wa pili. Nikajiambia ni waya. Nikajiambia mara mbili.

Sasa mgeni hawezi kukaa kwa watu bila chai. Hata kama roho haimtaki, chai utampa, tena ya maziwa. Siku zote jiko langu hukaa nje chini ya paa. Lakini jiko likikaa nje, mpishi naye anakaa nje, na mlango wa Nicanor una kawaida ya kujifunga wenyewe. Basi nikafanya kama Jumapili alipokuja mara ya kwanza: nikawasha makaa huko nje mpaka yakashika vizuri, mekundu bila moshi hata kidogo, kisha nikabeba jiko kwa kitambaa nikaliingiza ndani, nikaliweka chini karibu na meza.

"Mideva, si upikie tu pale nje?" Nicanor akasema bila kugeuka.

"Mvua inakuja."

Jua lilikuwa linapiga mabati mpaka yanalia. Hakuangalia.

Chai ilichukua muda kuchemka. Sikuwa na haraka. Nilikaa hapo chini na kijiko mkononi, katikati yao kabisa, na kila walipotaka kukaribiana ilibidi waniruke. Walikunywa vikombe viwili viwili. Jiko nililiacha hapohapo mpaka yule msichana aliposimama kuaga, yapata saa mbili nzima.

Nicanor akamsindikiza. Kutoka kwetu mpaka Olympic, anakopandia gari, ni mwendo wa kumaliza pipi moja. Nilishona rinda zima, nikapiga pasi, hajarudi. Nilipokwenda kuandika namba ya saa kumi, sindano ilikuwa kwenye mbili na nukta moja. Asubuhi ilikuwa mbili na nukta nne. Niliandika vile nilivyoona.

"Umemsindikiza mpaka Machakos?" nikamuuliza alipoingia.

Akacheka, kisha akaona uso wangu akaacha. "Alikuwa ananiambia kuhusu barua. Mideva, barua imetoka Uingereza. Kuna nafasi mbili za kusomea haya mambo mpaka mwisho. Moja ni ya Ndinda, imeshathibitishwa. Ya pili ni yangu kama hii seli itafika siku kumi na nne."

"Miaka mingapi?"

"Mitatu. Labda minne."

"Wewe na yeye."

"Mimi na yeye na wazungu milioni hamsini."

"Hao wengine hawanihusu."

Aliketi kitandani, palepale alipokuwa ameketi Ndinda. Ningependa angeketi mahali pengine.

"Kwani hii kitu ilikuingia namna gani?" nikamuuliza. "Wenzako wanasoma udaktari, wanasoma sheria. Wewe unafuga vikopo."

"Nilitaka udaktari. Nikakosa alama moja." Alisema kama mtu anayetaja jina la marehemu. "Wakati nangoja matokeo nilipata kibarua kiwanda cha sukari karibu na kwetu. Kazi yangu ilikuwa kuonja. Naonja maji ya miwa, naandika. Jioni nikirudi nyumbani nanukia spiriti, mama anadhani nimeanza kulewa. Sasa siku moja fundi mmoja akaniambia, hiyo spiriti unayonusa ina nguvu ya kuendesha gari, sisi tunajua kuichoma tu. Hilo neno likanikaa. Kufika chuo nikakuta kabatini seli moja imevunjika, mzungu fulani aliiacha. Nikaomba nipewe. Miezi saba naitengeneza, Mideva. Siku ilipowasha balbu kwa mara ya kwanza nilikuwa peke yangu pale ndani, nikakosa mtu wa kumwambia."

"Ungeniambia mimi."

"Nilikuwa sijakujua."

Aliliangalia daftari, akaona namba ya mwisho, na uso ukambadilika.

*

Jumamosi asubuhi nilimwachia Nicanor seli yake nikatembea mpaka Kawangware kupeleka marinda. Kaka yangu Shivachi anakaa huko kituo cha Arobaini na Sita, ana banda la useremala. Alinikuta naongea na mkewe Sella, akaweka randa chini.

"Nasikia siku hizi umekuwa askari wa betri."

"Nani amekuambia?"

"Nairobi ni kubwa, Kibera ni ndogo. Mideva, mimi si mtu wa kelele. Wesonga amekuja hapa mara tatu kukuposa. Ni mtu wa kanisa letu, ana kazi, ana mkono mzuri wa mbao. Kesho saa nane anakuja na mjomba wake. Nimwambie nini?"

Nilijifunga leso upya.

"Kwa sababu ya yule Mjaluo?"

"Ana jina."

"Haya, Nicanor. Huyo Nicanor amewahi kufika hapa? Amewahi kuniuliza habari ya asubuhi tu? Mtu anayesoma mpaka ndevu zinamfika kifuani ataoa mtu wa la saba? Anakutumia kama saa ya ukutani, dada yangu. Saa haiolewi."

"Baba Imali, polepole," Sella akasema.

"Nimekosea wapi? Aseme mwenyewe."

Sella alinivuta mpaka jikoni. "Wifi yangu, niambie ukweli. Yeye amesema anakutaka?"

"Alinifunga kiatu."

Sella aliniangalia kwa muda mrefu. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Na kuna mwingine?" akauliza.

"Kuna mmoja wa chuo. Anavaa suruali. Anatengeneza zile sahani nyeusi zinazokaa ndani ya vikopo. Wakiongea mimi sielewi."

"Mzuri?"

"Sana."

"Basi kesho saa nane," Sella akasema, akinipapasa mgongoni. "Kaka yako atangoja jibu moja tu. La huyu au la yule. Hawezi kuendelea kumwambia Wesonga habari ya kesho na keshokutwa."

Nilirudi kwa miguu nikiwa na hasira na kila mtu, na zaidi na miguu yangu mwenyewe, kwa jinsi ilivyokuwa na haraka ya kufika.

*

Nilimkuta Ndinda ameshafika. Leo amevaa rinda la maua, na nilijiuliza ni nani aliyemwambia avae rinda. Sikungoja hata kuvua leso. Niliwasha makaa, nikaingiza jiko ndani, nikaketi kando ya meza. Nicanor hakuniuliza chochote. Alikuwa amesimama na daftari mkononi.

Nilikuwa nimeshamimina vikombe vya kwanza na vya pili ndipo Nicanor alipofungua kinywa.

"Moja na nukta tisa," akasema. Kwa Kiswahili, kwa hasira. "Ndinda, moja na nukta tisa! Leo siku ya tisa. Itafika kumi na nne namna gani?"

"Acha niifungue moja."

Aliifungua. Akaitoa sahani nyeusi kwa koleo, akaigeuza mwangani. Ilikuwa imeota kitu cheupe, kama chumvi, kimeziba vile vitundu vyake vya kupumulia.

"Unaona?" Nicanor akasema. "Sahani zako."

"Sahani zangu zina nini?"

"Hukuzioka vizuri. Zinamung'unyuka. Nilikuambia oka kwa saa nne, wewe una haraka, wewe nafasi yako umeshapata!"

"Nicanor, nimezioka kwa saa sita. Nilikaa maabara mpaka askari akanifukuza."

"Basi sema ni nini hiki."

"Sijui ni nini!"

"Hujui. Mimi ndiye nitakayebaki hapa, wewe utakwenda Uingereza na kutojua kwako."

Nilikuwa natazama ndani ya kikombe changu, na nitasema ukweli, kwa sababu bila ukweli hakuna haja ya kusimulia haya. Nilifurahi. Furaha ilinipanda kifuani kama maziwa yanayochemka. Nikaona vile Ndinda anavyokusanya koleo na vitambaa vyake mkobani, mkono mmoja ukifuta jicho, na nikafikiri: lia. Nenda ukalie kwenu.

"Asante kwa chai, Mideva," akasema mlangoni. Sauti ilikuwa imekatika, lakini alikumbuka kusema asante. Akaondoka. Safari hii hakusindikizwa.

Nicanor aliketi. Akaweka uso kwenye viganja. Tukakaa hivyo, mimi na yeye na ile balbu ambayo ilikuwa imeanza kuwa nyekundu badala ya nyeupe.

"Basi," akasema mwishowe. "Jumatatu nitamwandikia profesa nijitoe. Kuna shule Siaya wanatafuta mwalimu wa kemia."

"Utaacha?"

"Nimechoka kukimbiza kitu kinachonikimbia." Akainua kichwa, na mara hiyo macho yake hayakupita popote pengine. Yalikuja kwangu moja kwa moja. Akanishika mkono, ule wa kushoto, wenye alama za sindano. "Nimekuwa mjinga, Mideva. Kila siku nakukuta hapa, nakuuliza namba, sikuulizi umekula. Kaka yako anakaa wapi huko Kawangware?"

"Arobaini na Sita. Kwa nini?"

"Kesho nitakwenda kumsalimia. Nitachukua mjomba wangu Omolo. Ikiwa hutakataa."

Wasichana, mmewahi kupewa kitu mlichokiomba miezi minne, kikaletwa siku ileile, kwenye sahani, na mkono wa mtu umekishikilia? Ningesema ndiyo. Kinywa kilikuwa tayari. Ilikuwa imebaki kusema tu, na Uingereza ingekufa, Ndinda angekwenda peke yake na viatu vyake safi, na mimi ningekwenda Siaya kuitwa mke wa mwalimu.

Lakini ilikuwa imefika saa kumi, na mkono wangu mwingine, kwa mazoea tu, ulikuwa umeshafungua daftari.

Niliandika moja na nukta nane. Kisha nikaona.

Kurasa zilikuwa za mwandiko wangu, kwa hiyo nilizisoma upesi kama uso wa ndugu. Siku ya kwanza na ya pili sindano haikusogea. Siku ya tatu ilishuka mchana. Ya nne na ya tano ikatulia. Ya sita ikashuka mchana. Ya saba, ya nane, ikatulia. Leo ya tisa. Siku ya tatu, ya sita, ya tisa. Siku alizokuja Ndinda.

Wazo la kwanza lilikuwa tamu: ni yeye, ana mkono mbaya. Likadumu kiasi cha kuvuta pumzi. Kwa maana mimi nilikuwa nimetazama mikono yake siku zote tatu bila kupepesa, na hakugusa kitu ambacho Nicanor hakugusa. Ni nini kingine kilichokuja siku hizo?

Nikaangalia ile sahani juu ya meza, ule ukoko mweupe. Kwetu tunachuja majivu ya maganda ya maharagwe tupate munyu, yale maji makali ya kulainishia mboga. Mama yangu hakuruhusu kamwe chungu cha munyu kiachwe wazi karibu na moto. Kinaota weupe mdomoni, alikuwa anasema, na ukali unakwisha. Na Nicanor alishaniambia kwamba maji yaliyomo kwenye vikopo ni kama munyu wetu, ila makali zaidi.

Jiko lilikuwa hapo chini ya meza, jekundu, bila moshi, linapumua. Nilikuwa nimeliweka mwenyewe.

"Mideva? Mbona umenyamaza?"

Nilitoa mkono wangu kutoka mkononi mwake. Kidole kwa kidole, hivyo ndivyo ulivyotoka.

"Nangoja hapa," nikasema. Maneno hayakuwa na maana. "Yaani wewe, ngoja hapa."

Nikakimbia. Nilikimbia bila viatu kwenye lile tope, watoto wakinizomea, wanawake wa kwenye bomba wakiuliza nani amekufa. Nilimpata karibu na shule ya Olympic. Alikuwa amesimama kando ya barabara, anajifuta uso kwa ncha ya kitambaa cha maabara, na viatu vyake sasa vilikuwa tope tupu.

"Rudi," nikamwambia. Nilikuwa nahema. "Si sahani zako."

"Amekutuma?"

"Hakuna mtu amenituma. Rudi, nitasema mara moja tu, siwezi kusema mara mbili."

Hakuuliza tena. Tulirudi pamoja, na aliponiona nateleza alinishika kiwiko. Ningependa kusema nilimpenda kwa hilo. Sikumpenda.

Nicanor alikuwa amesimama mlangoni. Nilipita, nikabeba jiko nikalitoa nje, nikarudi nikasimama katikati ya nyumba na daftari kifuani kama mtoto anayetaka kukariri.

"Ni jiko," nikasema. "Someni. Siku ya tatu, ya sita, leo. Siku hizo nimeleta jiko ndani. Siku zingine liko nje na sindano inatulia. Huu weupe ni kama wa chungu cha munyu karibu na moto. Makaa yangu ndiyo yameziba sahani."

Ndinda alichukua daftari, akapitisha kidole kwenye kurasa. Kisha akaketi kitandani polepole.

"Hewa ya makaa," akasema. "Nicanor. Hewa ya makaa inaingia kwenye ile dawa ya vikopo, inageuka chumvi. Tulifundishwa hayo mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza!"

"Najua," Nicanor akasema. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Na tumeketi hapa mara tatu, mimi na wewe, na vyeti vyetu, tunakunywa chai kando ya jiko."

"Najua, nimesema!" Alinigeukia. "Kwa nini hukuniambia?"

"Sikujua mpaka sasa hivi."

"Siku tisa, Mideva! Siku tisa za kazi yangu! Na kwa nini siku hizo tu? Siku zingine zote jiko linakaa nje. Ulisema mvua. Mvua ilinyesha lini?"

Ndinda alikuwa ananitazama. Wanawake wana namna yao ya kujua. Niliona limemwingia, nikaona anataka kulificha asinidhalilishe, na huo wema wake ulinichoma kuliko kiburi ambacho ningekitarajia.

"Nicanor, wacha kumuuliza," akasema. "Na haijaharibika. Sikiliza. Profesa alitaka nyumba ya mtu wa kawaida, si ndiyo? Nyumba gani Kibera haina jiko? Huyu amekuonyesha kile ambacho maabara isingekuonyesha miaka miwili. Tunapitisha hewa kwenye chokaa kwanza, chokaa inakula ule uchafu, ndipo iingie kwenye seli. Nina sahani sita safi. Tukibadilisha kesho na kuanza upya, unamwomba siku tisa zaidi. Kwa daftari kama hili atakupa."

Nilimwona Nicanor akisikiliza. Nilimwona akirudi. Mgongo ukanyooka, macho yakaanza kupiga hesabu, na kila alivyozidi kuwa yeye ndivyo alivyozidi kuwa mbali na Siaya.

"Chokaa," akasema. "Chokaa!" Kisha akakumbuka. "Lakini bado nataka kujua. Kwa nini siku hizo?"

"Mimi niko nje," Ndinda akasema, akasimama, akatoka, na akaweka jiwe ili mlango usijifunge.

Sikuangalia chini. Nimezoea kutazama, basi nikamtazama.

"Kwa sababu nikiwa nje na jiko, nyinyi mnabaki wawili ndani. Sikutaka mbaki wawili. Hiyo ndiyo mvua."

Niliona vile lilivyomfikia, kutoka sikioni mpaka shingoni, akawa kama mvulana aliyeitwa mbele ya darasa.

"Ndinda ana mchumba Kitui," akasema.

"Kitui ni mbali na Uingereza."

"Mideva, mimi na Ndinda..."

"Sijakuuliza. Umenishika mkono leo ukasema kesho utakwenda kwa kaka yangu. Ulisema hivyo ukiwa umepoteza safari. Sasa safari imerudi. Sema tena, nisikie kama inatoka."

Nje nilimsikia Ndinda akiongea na majirani, na sauti yake hata kwa Kiswahili ilikuwa nzuri, Mungu anisamehe.

"Kesho tunabadilisha sahani," akasema polepole.

"Ndiyo. Na kesho saa nane Wesonga anakuja na mjomba wake kuchukua jibu."

Jina hilo hakuwa amelisikia. Niliona likiingia mahali palepale ambapo Ndinda aliingia kwangu, na sitaficha kwamba nililiacha likae.

"Wesonga ni nani?"

"Seremala."

"Anakutaka?"

"Amekuja mara tatu. Na yeye hakuja kuuliza namba."

Nicanor alikwenda mlangoni kwa hatua mbili. "Ndinda! Kesho unaweza kubadilisha sahani peke yako?"

"Naweza. Wewe unakwenda wapi?"

"Kawangware. Kwa watu wa Mideva. Na mjomba wangu." Aligeuka akaniangalia, na hakutazama meza. "Imetoka?"

"Imetoka."

"Nitakwenda Uingereza, Mideva. Sitakudanganya. Nikipata, nitakwenda."

"Najua utakwenda. Nimekimbia bila viatu ili uende."

Alitaka kunishika mkono tena, nikaurudisha nyuma, si kwa hasira.

"Kesho," nikasema. "Shivachi atakuuliza swali moja. Atauliza, huyo msichana unayekwenda naye ng'ambo miaka mitatu, ni nani kwako?"

"Nitamjibu nini?"

"Sijui. Mimi nitakuwa nimeketi hapo mbele yako, nakutazama usoni."